Paka-mwitu ndani ya kompyuta

Wadau, bunduki sina, na uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku 1977. Lakini programu ninayoandika Machakos inahesabu safari ya risasi ambazo Wamarekani huziita paka-mwitu: fundi anabana shingo ya ganda la kiwandani lipokee kichwa kingine. Risasi ya .25-06 ilitokana hivyo na .30-06, Remington wakaichukua rasmi 1969. Kabla ya hapo, kila fundi alijipimia.

Utamu uko kwenye hewa! Mji wetu uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, basi risasi haipotezi kasi upesi.

Jamaa ameomba niongeze vipimo vya baruti. Nimekataa. Shinikizo likizidi, bunduki hupasukia usoni. Wiki hii naongeza upepo.