Pengo si Tatizo

Majira ya tasnifu yanapofika, meza yangu hujaa kazi za wanafunzi wa shahada ya uzamili, nami huzisoma kwa desturi yangu. Naacha ikisiri, naacha hata matokeo. Nafungua sura ya kwanza, nasoma tamko la tatizo, nasoma malengo, kisha nafunga. Kurasa hizo chache hunieleza mengi kuliko zile mia moja zinazofuata.

Aghalabu ninachokikuta ni hiki: watafiti wengi wamechunguza methali, lakini hakuna aliyechunguza methali za wilaya fulani, hivyo utafiti huu utaziba pengo hilo. Hakuna pia aliyewahi kuhesabu mawe ya njia inayopita nyuma ya nyumba yangu, na hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu hiyo. Pengo ni mahali ambapo watu hawajapita tu. Tatizo ni jambo tulilodhani tunalijua, halafu likakataa kwenda kama tulivyodhani.

Malengo nayo yana maradhi yake. Kubainisha makosa, kueleza sababu zake, kupendekeza suluhisho. Mimi hufunika jina la tasnifu kwa kiganja nikayasoma malengo peke yake. Yakiwa yanaweza kuvikwa mada yoyote, kama sare ya shule iliyoshonwa kubwa makusudi ili mtoto aikulie, najua mwandishi hajaanza kazi. Anayekwenda kubainisha makosa atayabaini tu. Hawezi kushindwa, na kwa kuwa hawezi kushindwa, hakuna alichouliza.

Tangu Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, tumejijengea msamiati wa kufanyia kazi hii kwa lugha yetu: tasnifu, usuli, tamko la tatizo. Naupenda msamiati huo. Ila ukizoeleka mno huanza kuandika wenyewe, mwandishi akiwa amelala.

Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa sekondari ambaye ruhusa yake ya masomo ilikuwa imebakiza miezi 5, aliniletea pendekezo juu ya makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za kidato cha pili. Nilimwita.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" aliuliza kabla hajaketi. "Nimefuata mwongozo wote."

Alikuwa ameufuata kweli. Nikamwomba aweke karatasi kando, anieleze ni lini alisahihisha daftari akashangaa.

Akafikiri kidogo. Akasema wanafunzi wake wakiwa uwanjani husema "rafiki yangu", wote, bila taabu yoyote. Lakini kwenye insha huandika "rafiki wangu". "Ni sisi tuliowafundisha kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya m-wa," akasema polepole. "Wanaoandika hivyo si wazembe, Mwalimu. Ndio wanaonisikiliza."

Haya hayakuwamo popote katika kurasa zake 12. Kanuni ile ni kweli kwa kitenzi: twasema rafiki amekuja, wala si rafiki imekuja. Lakini kwenye kimilikishi, majina kama rafiki, ndugu, dada na jirani hubaki na upatanisho wa ngeli yake ya asili. Basi kosa ni la mtoto, au la kanuni iliyofundishwa nusu? Hapo pana swali linaloweza kumgeuka mwulizaji: akikuta watoto wadogo, ambao hawajaanza kufundishwa ngeli, nao wanaandika "rafiki wangu" kwa wingi uleule, dhana yake imeanguka.

Fomu ya tathmini ninayopewa huuliza kama tatizo limeelezwa waziwazi. La kwanza lilikuwa wazi kabisa, kama chungu kitupu kilivyo wazi. Ningeweza kumpa alama zake akaenda zake, na mwenzangu mmoja aliniambia kwamba kumrudisha nyuma mtu mwenye miezi 5 ni ukatili. Sikubaliani naye. Ukatili ni kumwacha mwalimu atumie miezi hiyo kuorodhesha makosa anayoyafahamu tangu siku yake ya kwanza darasani.

Alirudi baada ya wiki 2. Kurasa 12 zilikuwa zimebaki 4, na lengo lilikuwa moja. Aliniuliza kama inaruhusiwa kuwa na lengo moja. Nikamwambia sasa tuzungumze juu ya shule atakazokwenda.