Mitishamba na Ukurutu wa Watoto

Miongoni mwa maradhi yanayowanyima wazazi usingizi, ukurutu hauna budi kutajwa. Aghalabu hauui; lakini mtoto hujikuna usiku kucha hata shuka zikaingia damu, na alfajiri baba yatakiwa awe lindoni ilhali hakufumba jicho. Si ajabu, basi, mzazi wa namna hiyo akamsikiliza kila amwambiaye kuwa liko jani, au uko mzizi, utakaoiondoa taabu hiyo.

Wala maneno hayo si ya kudharauliwa yote. Mwaka 1992 madaktari wa London walitangaza matokeo ya jaribio la watu wazima 40 ambao ukurutu wao ulikuwa umezishinda dawa za kawaida. Kwa miezi miwili mgonjwa alikunywa mchemsho wa mitishamba ya Kichina, na kwa miezi miwili mingine mchemsho wa mimea isiyotazamiwa kutibu ukurutu, naye hakuambiwa upi ni upi. Ule wa kwanza ulipunguza wekundu na mwasho zaidi. Hata hivyo, jaribio jingine la mitishamba hiyo, lililofanywa Hong Kong na kutangazwa mwaka 1999, halikuonyesha nafuu hiyo. Na huko Uingereza wako wagonjwa walioingiwa na maradhi ya ini baada ya kunywa dawa za aina hii.

Mwaka huo huo wa 1999 likadhihirika jambo zito zaidi. Madaktari wa London walizipima marhamu 11 ambazo wagonjwa wa ngozi walipewa kwa jina la mitishamba ya Kichina. Katika 8 miongoni mwazo ilikutwa deksamethasoni, dawa ya kiwandani ya jamii ya steroidi. Steroidi si adui. Madaktari huziandika kwa ukurutu, wakipima nguvu yake na siku za kuitumia. Hatari imo katika kufichwa. Mama asiyejua humpaka mwanawe usoni asubuhi na jioni, akimshukuru muuzaji, kumbe ngozi inazidi kuwa nyembamba; na siku chombo kinapokwisha, ukurutu hurejea kwa ghadhabu.

Kiponyacho, kwa hiyo, si sifa ya mmea, bali ni vitu vilivyomo ndani yake, na kadiri yake. Oti, nafaka ipikwayo uji, ni mfano mwema. Unga wake laini ulikubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 2003 kuwa kinga ya ngozi, na ndani yake mna avenanthramidi, ambazo hutuliza mwasho. Hauahidi miujiza, lakini kilichomo kinajulikana.

Yafaa kila nyumba ishike mambo machache. Mtoto aogeshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha apakwe mara moja mafuta mazito yasiyo na manukato. Avae pamba, wala si sufu. Marhamu isiyoandikwa vilivyomo, nayo ikausafisha ukurutu kwa siku mbili tatu, yastahili kushukiwa kuliko kusifiwa. Na chombo chake kichukuliwe pamoja na mtoto kwenda zahanati. Askari mlangoni humwuliza apitaye jina lake na mzigo wake. Dawa iingiayo katika ngozi ya mtoto nayo iulizwe vivyo hivyo.