Maji ya Momella

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukifika Usa River geuka kushoto. Barabara itakupitisha Ngurdoto mpaka Momella, chini ya Mlima Meru. Hapo kuna maziwa saba. Utaona heroe wakila mimea midogo sana iliyomo majini.

Maziwa hayo ni mazuri, lakini maji yake si ya kunywa. Yana magadi na madini ya floridi yatokayo katika mawe ya volkeno. Wataalamu wamepima maji ya maziwa ya pande hizi wakakuta floridi hadi miligramu 690 katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5.

Chemchemi na mito mingi ya Meru nayo ina floridi nyingi. Mtoto akinywa maji hayo, meno yake huwa ya kahawia. Akiendelea miaka mingi, mifupa huweza kupinda. Ng'ombe nao huharibika meno.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huipunguza. Njia hiyo imefanyiwa utafiti hapo Ngurdoto.

Je, maji ya kijiji chako yamepimwa? Waulizeni wataalamu wa maji.