Gati Namba 80

Sisi wa Morogoro tumezoea kuuita mji wetu "mji kasoro bahari". Milima ya Uluguru ipo, mito ipo, hewa ipo. Kilichokosekana ni bahari tu. Hata hivyo, neno lililonishughulisha kwa siku nzima hapa Mji Mpya lilikuwa neno la pwani.

Ninatunza kompyuta inayoendeshwa kwa Linux. Ndiyo seva ya tovuti yetu ndogo yenye sauti za washairi wazee walioridhia kurekodiwa. Mmoja wao alipofariki, jamaa zake waliomba wamsikilize kwa simu siku ya arobaini, waliopo hapa na walio mbali. Asubuhi ya siku hiyo umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka, lakini Apache, programu inayowafikishia watu kurasa na sauti, haikuamka.

"Mwalimu, tufute kila kitu tusimike upya," alisema kijana anayenisaidia.

"Na sauti za wazee, mwanangu?"

"Tutazinakili kwanza."

Kuzinakili zote kungetuchukua hadi usiku, na arobaini ilikuwa baada ya alasiri. Nikamwomba tusome kwanza mashine inasema nini. Daftari la mfumo lilikuwa na jibu fupi: kosa namba 98, anwani inatumika tayari, na mwishoni tarakimu 80.

Vijana wetu hiyo 80 huiita "mlango". Kwa kuwa aliwaza mlango, kijana akatafuta kufuli: akakagua kinga ya mtandao, akafungua kila kilichofungwa, na Apache ikabaki imelala. Simlaumu. Mlango ukikataa, mtu hutafuta ufunguo.

Wengine husema "bandari", neno tulilolipata kwa Waajemi. Mimi naona ni kubwa mno. Kompyuta nzima ndiyo bandari. Hizo namba, zinazofika 65,535, ni magati yake. Bandari ya Dar es Salaam ina gati namba 1, namba 2 na kuendelea, na meli moja ikishatia nanga gatini, nyingine haifungi kamba mahali pale. Gati namba 80 ndilo linalopokea wageni wa kawaida wa tovuti. Methali ya manahodha wawili haitufai hapa, maana chombo hakikwenda mrama. Cha pili hakikukaribia kabisa.

"Basi kuna meli nyingine gatini," kijana akasema, na swali likawa limebadilika. Akaandika amri ya ss pamoja na herufi ltnp, inayoorodhesha nani anasikiliza wapi. Gati namba 80 lilikuwa na nginx.

Aliisimika mwenyewe wiki mbili nyuma kwa ajili ya kujifunza. Wakati ule Apache ilikuwa imeshika gati, nginx ikakosa nafasi na kunyamaza. Ila Linux iliiandika katika orodha ya programu za kuamshwa kila mashine inapowaka. Umeme uliporudi zote mbili zilikimbilia gati lile lile, na nginx ikatangulia. Hakuna kilichoharibika. Tuliisimamisha, tukaihamishia gati namba 8080, tukaamsha Apache. Sauti ya marehemu ilisikika kabla wageni hawajakaa mkekani.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, nasi tukaona programu za ofisini zikizungumza Kiswahili. Seva zetu bado hulalamika kwa Kiingereza, na kila fundi hujitafsiria peke yake usiku.

Rafiki yangu wa Tanga, aliyekulia karibu na meli, hakubaliani nami. Anasema gati ni neno la makuli, halina hadhi ya kamusi ya kompyuta. Nimemjibu kwamba makuli ndio wanaojua meli ipi imefungwa wapi. Bado hajanijibu.