Majivu na Chokaa

Mtu atokaye penye pantoni ya Kivukoni, akafuata njia ya bandarini kuelekea kituo cha reli, hulikuta Boma la Kale. Lilijengwa zamani za Sultani Majid, katika miaka ya 1860, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nalo lingali limesimama.

Nalilikumbuka jengo hilo mapema mwaka huu, nilipokuja mjini na fundi mwashi wa kijijini kwetu kununua vifaa vya nyumba ya mwalimu. Bei ya simenti ilitulemea. Tulipopita penye soko la samaki la Feri, fundi akayaona majivu ya wakaangaji, akasema, “Mwalimu, nasikia majivu huongeza simenti. Haya hayana bei. Tujaze magunia, tuyatie katika zege ya linta.” Nikamjibu, “Hapana, fundi. Majivu si mamoja.”

Jambo lenyewe ni hili. Majivu ya kuni yana chokaa na magadi, lakini silika, yaani ile asili ya mchanga na kioo, ni haba ndani yake. Pumba za mpunga, ambazo wazee wa pwani huziita kumvi, ni kinyume chake, maana mpunga hunyonya silika ardhini na kuiweka katika ganda lake. Katika kilo 100 za mpunga hutoka kilo 20 hivi za pumba. Hizo zikiungua hubaki kilo 4 hivi za majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Peke yake haishiki kitu. Ikikutana na chokaa penye maji, huungana nayo ikawa kitu kipya kigumu, cha jamii moja na kile kiigandishacho simenti. Na simenti yenyewe, ikiganda, hutoa chokaa iliyo huru. Ndiyo sababu majivu mema yaweza kushika nafasi ya sehemu yake.

Warumi waliijua siri hii. Walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya karibu na Puteoli, ile bandari aliyoshukia Mtume Paulo akienda Rumi, na kwa jina la mji huo vitu vya namna hii huitwa pozolana hata leo. Kuba la Pantheon mjini Rumi lilijengwa hivyo, nalo limepita miaka 1,800. Hata madukani kwetu, mfuko wa simenti ulioandikwa CEM IV pamoja na herufi P una pozolana ya asili. Basi huenda mtu akayadharau majivu, na ukuta wake umejengwa kwayo!

Ugumu uko katika kuchoma. Majivu meusi yana makaa bado. Moto nao ukizidi nyuzi 700 hivi na kudumu, silika hugeuka ikawa chembe nzito zisizotaka tena kuungana na chokaa. Yatakiwayo ni majivu ya kijivu au meupe, yaliyosagwa laini kama unga.

Ndiyo maana naliiogopa ile linta. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, ghorofa lililokuwa likijengwa Kisutu, si mbali na Kivukoni, liliporomoka, wakafa watu 36. Sisemi kwamba majivu yalihusika, la; nasema kwamba zege ibebayo watu si mahali pa kujaribia. Wahandisi wenye maabara huweza kuondoa sehemu 10 hata 20 katika 100 za simenti na kutia majivu ya pumba yaliyopimwa. Sisi wa vijijini tuanzie kwenye lipu.

Fundi alikubali. Linta tukaimwaga kwa simenti, mchanga na kokoto, bila majivu. Kisha tukachoma pumba za mashine ya kijiji polepole katika pipa lenye matundu, tukayatwanga majivu kinuni, tukachekecha. Tukachukua chokaa kilo moja kwa majivu kilo mbili, pamoja na mchanga, tukapiga lipu ukuta wa jikoni. Lipu ya namna hii hukawia kushika, wala isiachwe ikauke upesi, basi twainyunyizia maji asubuhi na jioni. Juma la kwanza ukucha uliacha alama. Sasa ni juma la tatu: msumari huacha, ukucha hauachi tena.