Kosa la Hesabu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Zamani daftari lilikuwa karatasi na wino. Siku hizi aghalabu ni diski iliyofungiwa ndani ya seva. Mimi nilikaribia kulipoteza daftari la watu wengi kwa kutojua kuhesabu.

Katika zahanati moja nilikoajiriwa kutunza mitambo, habari za wagonjwa ziliwekwa katika diski nne. Ziliunganishwa kwa utaratibu uitwao RAID, ambao Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliueleza mwaka 1988. Diski zetu zilikuwa kama watu wanne wachukuao mzigo mmoja: akianguka mmoja, watatu huufikisha, wakianguka wawili, mzigo u chini.

Siku moja kidhibiti, yaani kifaa kinachozitawala diski, kilitangaza kuwa diski ya mlango wa 3 haionekani. Nilishuku kuwa mlango ndio mbovu, nikaazimia kuihamishia mlango wa 4 uliokuwa mtupu. Sikuzima seva. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikavuta. Kumbe milango ile huhesabiwa kuanzia sifuri! Niliyoitoa ilikuwa diski nzima ya mlango wa 2. Sasa mbili zilikuwa nje ya kazi, na habari zote zikafungika papo hapo.

Niliirudisha mbio. Kioo kikaniuliza: je, niipokee diski hii ngeni, au niifute alama zake? Hofu ilinisukuma kufuta nianze upya. Fundi mmoja mzee akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, soma kwanza. Ukifuta, umezika."

Akanieleza kuwa kidhibiti huandika katika kila diski kundi lake na nafasi yake. Kwa hiyo diski iliyohamishwa wakati seva imezimwa aghalabu hutambulikana popote iwekwapo, kama mtu ajulikanavyo kwa jina lake wala si kwa kiti alichokalia. Walakini vidhibiti havina tabia moja. Yafaa kusoma kitabu cha mtambo, na kubandika namba juu ya kila diski kabla ya kuigusa.

Tulichagua kupokea, na habari zikarudi. Kwanza tulizinakili mahali pengine. Kisha tukazima seva, tukaihamisha diski ya mlango wa 3, tukawasha. Usiku kucha kidhibiti kiliijaza upya kwa hesabu zilizotunzwa katika zile tatu.

Asubuhi mama mmoja alimleta mtoto wake mgonjwa, na chanjo zake zote zikasomeka kiooni. Hakujua lililotokea, nami sikuwa na uso wa kumwambia. Tangu siku hiyo najua kwamba RAID kama yetu huvumilia kufa kwa diski moja, lakini haiwezi kuvumilia mkono wenye pupa. Nakala iliyo mahali pengine ndiyo akiba ya kweli.