Sehemu ya 9: Tochi ya Baba Nuru

Mama zangu, leo siongelei chanjo wala homa. Mnajua Baba Nuru anazamisha watalii Nungwi, na wapo wanaotaka kuzama usiku. Hao ndio wananinyima raha nikiwa zamu.

Wiki iliyopita karudi na alama nyekundu ya kamba kifundoni, vidole vimevimba. "Kidogo tu, Mama Nuru." Kidogo! Nikamkamata mkono nikabonyeza kucha kama navyofanya wodini. Damu ilirudi haraka, ndo nikapumua. Kumbe tochi aliifunga mkononi kwa fundo lisilolegea, ikanasa kwenye kamba ya nanga. Giza, mkono umevutwa, na kisu kiko mguu wa upande uleule. Mwenzake ndiye aliyemkatia.

Nikamwambia: huzami usiku mpaka nione umeifungaje. Tukakaa mkekani. Kitanzi sasa ni kipana, ukikivuta kinavuka kiganja. Asipoishika, tochi inabanwa kwa klipu kwenye pete ya kifuani, isining'inie na kugonga matumbawe. Klipu yenyewe imeshikwa na uzi, maana uzi unakatika kwa kisu, chuma kwa chuma hakikatiki. Na ndogo ya akiba mfukoni, hiyo sikumbembeleza, niliitia mwenyewe.

Kumbe chini kule tochi ndo mdomo wao: duara taratibu ni "niko sawa", kupunga huku na huku ni "nina shida". Nuru, miaka 4, kashaidaka. Jana umeme umekatika, nikaona duara ukutani chumbani kwake.